Fundi umeme wa Unga Ltd aliyepima klachi ya mashine ya nyasi kabla ya kusema nunua mpya

Wadau mnaotunza viwanja vikubwa huku Usa River, Tengeru, Njiro mpaka kule Moshi Shantytown, hii inawahusu, hasa wenye zile mashine za kukatia nyasi za kukalia. Namsifia fundi umeme wa magari mmoja mwenye kibanda chake pale Unga Ltd Arusha, na nitaeleza kazi aliyoifanya karibu yote maana kilichonifurahisha sio tu kwamba mashine imepona, ni kwamba alipima kila kitu kwanza ndio akafungua mdomo. Nampa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nitasema kwa nini nimeikata.

Mashine ni ya hoteli ninayofanyia kazi, Usa River, bustani ni ukoka mtupu mpaka kwenye uzio. Tatizo lilikuwa hivi: asubuhi ikiwa ya baridi ukivuta ile swichi ya njano ya visu unasikia ka! visu vinazunguka, unakata vizuri kabisa, alafu ikishachemka unashangaa visu vinalegea vyenyewe, injini inanguruma kama kawaida lakini chini hamna kitu, nyasi zinalazwa tu na matairi. Ukiizima ikapoa inarudi tena kama vile haijawahi kuumwa. Na ilikuwa masika, na masika huku mnayajua, ukoka ukiuacha wiki moja tu mvua zikipiga unakuta umefika kwenye goti.

Kabla ya huyu fundi mashine ilishapandishwa kwenye kirikuu ikapelekwa gereji moja mjini, wakaiangalia kwa macho, wakagongagonga, wakasema klachi imekufa agizeni mpya, bei laki tisa bila usafiri, na mkiwa mnasubiri tutawaungia waya moja kwa moja toka kwenye betri turuke swichi ya siti. Hakuna mita iliyotolewa kwenye boksi, hata ya kuonyesha tu. Hilo la kuruka swichi ya siti nilikataa palepale na nitaendelea kukataa. Swichi ya siti kazi yake ni kwamba dereva akiinuka au akianguka visu vinakatiwa umeme. Na hii klachi ukiikatia umeme haiishii kuachia tu, ina breki ndani inayovisimamisha visu ndani ya sekunde chache. Ukiuunga waya moja kwa moja umeondoa hayo yote mawili, na hapo ni sehemu ina watoto wa wageni wanakimbia pembeni. Jamani fundi akikwambia turuke hiyo swichi mshukuru, chukua mashine yako uondoke.

Kwa wasioijua, klachi ya visu ya hizi mashine sio kama ya gari. Hamna kebo, hamna pedeli, ni sumaku ya umeme. Inakaa chini ya injini kwenye shafti, ndani kuna koili ya waya wa shaba, ukiipa volti 12 inakuwa sumaku, inaivuta sahani ya chuma iliyoungana na puli ya mkanda ishikane na rota, yaani ile sehemu inayozunguka na shafti ya injini, visu vinazunguka. Nyingi zinatoka Warner Electric ya Marekani au Ogura ya Japani, hata kama mashine yenyewe imeandikwa jina lingine kabisa ubavuni. Sasa sumaku ikikosa umeme wa kutosha haifi, inashika kinyonge, inateleza, inachemka, mwisho inaachia. Kwa hiyo mtu anaona dalili za klachi iliyokufa kumbe klachi ina njaa.

Huyu mzee alikuja na pikipiki mpaka hotelini, begi mgongoni, nikamwamkia, hata chai hakutaka kwanza, akaanza maswali. Inaachia ghafla au inalegea polepole? Ikiwa moto tu au hata baridi? Fyuzi imewahi kuungua? Taa za mbele zinafifia ukivuta swichi? Nikamwambia inalegea polepole ikiwa moto, fyuzi haijawahi kuungua. Akasema basi koili haina shoti, ingekuwa na shoti fyuzi ingeshaungua zamani, ngoja tuone kama umeme unafika. Hapo tu nikajua huyu ni mtu mwingine.

Akachomoa ufunguo, akatoa na waya wa plagi ya injini ndio akaingiza mkono chini. Betri ikasoma volti 12.6, nzima. Akachomoa soketi ya klachi akapima koili yenyewe, kwanza akagusanisha nyaya mbili za mita ili ajue mita yenyewe inajihesabia ngapi akazitoa, akapata ohmu 2.9 (ohmu ni kipimo cha jinsi waya unavyoukataa umeme). Akasema nyingi zinatakiwa ziwe kati ya 2 na 4 hivi, kitabu cha mashine ndio kinatoa namba kamili. Ikisoma sifuri au karibu na sifuri ni shoti, isiposoma kabisa waya umekatika ndani. Akapima na kila mguu wa koili dhidi ya chuma cha klachi, hamna mawasiliano, yaani haivuji. Ndani ya dakika chache klachi ya laki tisa ilishaonekana koili yake haina kosa.

Sehemu inayofuata ndio ilinifanya niandike haya yote. Alimwomba kijana wetu akae kwenye siti (bila mtu kukaa umeme hauendi), ufunguo ukawashwa bila kuwasha injini, swichi ya visu ikavutwa, akaweka mita kwenye soketi iliyochomolewa. Ikasoma 12.4. Mimi nikadhani basi, umeme upo, kwa hiyo ni klachi. Akaniambia, "Mwanangu, mita inasoma lakini mita haili umeme. Tuweke mtu anayekula." Akatoa balbu ya taa kubwa ya gari, ile ya wati 55, aliyoiunganishia nyaya mbili, maana hiyo balbu inakula ampea 4 na ushee, karibu sawasawa na klachi. Akaichomeka kwenye soketi ileile. Balbu ikawaka rangi ya chungwa, dhaifu, na mita ikashuka mpaka 9. Soketi ileile, swichi ileile, zile volti 3 zimeenda wapi? Zinaliwa njiani. Waya wenye mguso mbovu unapitisha umeme kidogo vizuri tu, ndio maana mita peke yake inakudanganya, ukiuambia upitishe ampea 4 ndio unaona unavyoshindwa.

Nawaambia ukweli hicho kipimo cha balbu mtu yeyote anaweza kukifanya nyumbani, balbu ni elfu chache tu dukani, na kingetuokolea ile hela ya kirikuu.

Baada ya hapo akarudishia soketi ya klachi, koili ikawa ndio mla umeme mwenyewe, akaanza kutafuta zilipopotelea. Hapa alipima kila kipande cha njia peke yake, mguu mmoja wa mita kabla ya swichi na mwingine baada ya swichi, swichi ikiwa imevutwa. Mguso mzima unatakiwa usome karibu na sifuri, sehemu ya kumi ya volti hivi. Rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), sawa. Swichi ya siti, sawa. Swichi ya njano ya visu: 2.6. Volti 2.6 zimekaa kwenye swichi! Upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha mashine, kati ya waya wa klachi na tamino ya hasi ya betri, 0.5, hiyo ni ile bolti inayoshika waya wa ethi kwenye chesisi, kutu na vumbi. Jumlisha unapata volti 3 na kidogo, klachi inabaki na 9.3.

Alipoitoa ile swichi akanigeuzia niione kwa nyuma. Pini mbili kati ya zote zilikuwa zimebadilika rangi, plastiki kuzizunguka imekuwa kahawia imevimba kidogo, na kile kikonekta cha waya upande wa ndani kimelegea ukikisukuma kwa kidole kinacheza. Swichi mbovu namna hiyo inajichemsha yenyewe, ikichemka mguso unazidi kuwa mbaya. Na koili nayo ikipata moto, shaba yake inazidi kukataa umeme, kama asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za joto. Alisubiri mashine ifanye kazi mpaka ikachemka akapima tena koili, ile 2.9 ikawa 3.6. Sasa piga hesabu: mchana wa jua, koili imepanda, swichi imechemka, umeme unaofika unaweza kushuka mpaka karibu nusu ya unaotakiwa. Ndio maana asubuhi inashika na mchana inaachia. Kwa hiyo dalili ya "moto inaachia, baridi inashika" sio lazima iwe koili, ingawa koili iliyokatika ndani nayo inafanya hivyohivyo, tofauti yake ni kwamba ile ikiwa moto mita haisomi kabisa.

Kingine alichokiangalia ni nafasi kati ya sahani na rota. Sahani ikilika kwa miaka nafasi inaongezeka, na sumaku ikivuta kwa mbali nguvu inapungua sana. Kuna matundu matatu pembeni ya klachi, unapitisha vile vibati vyembamba vya kupimia plagi, na nati tatu za kurekebishia. Akazibana zote kidogokidogo kwa kuzunguka mpaka pakawa sawa pande zote tatu, kama milimita 0.4. Sio klachi zote zina hizo nati, nyingine hazirekebishwi, na kipimo unafuata cha kitabu chako.

Swichi mpya ndio ilitusumbua. Zinafanana kwa sura zote, kichwa cha njano, pini zimepangana vilevile, lakini ndani hazifanani: kuna pini zinazoungana ukivuta, hizo ndio za klachi, na kuna zinazoungana ukisukuma, hizo ni za kuzuia mashine isipige stata wakati visu vimewashwa. Ukiweka ya aina nyingine inaingia kabisa kwenye soketi na mashine inafanya vituko. Mzee aliipima ile ya dukani kwa mita juu ya kaunta kabla ya kulipa, ya kwanza akairudisha, ya pili ikakubali. Mwenye duka alinuna kidogo ila ndio ununuzi unavyotakiwa kuwa.

Kikonekta kilicholegea akakikata akaweka kipya, bolti ya ethi akaifungua akaipiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akaifunga akapaka grisi juu. Akapima tena klachi ikiwa inakula umeme: inapata 12.1. Injini ikiwaka betri inachajiwa kwenye 14 kwa hiyo inapata zaidi. Ukivuta swichi sasa hivi ule mlio wa ka! ni mkavu, mfupi, visu vinaondoka bila kusuasua. Tumekata masika yote mpaka yakaisha na haijaachia tena.

Gharama: kupima peke yake elfu 40, aliisema kwenye simu kabla hajaja, na akasema hata nikikuta ni klachi kweli hiyo ni ya kupima, hairudi. Kuna watu hili linawaudhi, mtu analipwa kwa kuangalia? Mimi naona hiyo ndio hela halali kuliko zote, kwa sababu fundi anayelipwa kwa kupima hana haja ya kukuuzia spea ili apate chochote. Kazi na swichi na nauli vyote havikufika laki mbili. Fanyeni wenyewe hesabu na ile laki tisa.

Nyota niliyoikata ni hii. Hapokei simu akiwa kazini, na akiahidi Jumanne mjue ni Alhamisi. Risiti hana, aliniandikia kwenye karatasi ya daftari na mhasibu wetu alinisumbua sana, kwa taasisi hilo ni tatizo kweli na nimemwambia mwenyewe. Pia mambo ya injini yenyewe, kabureta na nini, hagusi, atakwambia tafuta mwingine.

Alituachia na maagizo, nayaweka maana yanafaa kila mtu. Msioshe mashine kwa ile pampu ya kuoshea magari, maji yanasukumwa ndani ya soketi na chini ya siti, na vumbi letu la huku likishalowa humo linaganda. Pulizeni kwa upepo mkavu, futeni. Visu viwashwe mashine ikiwa sehemu ya wazi, sio katikati ya nyasi ndefu zilizolowa, na injini isiwe imevutiwa mafuta mpaka mwisho, na usiwashe zima washa zima kila ukikutana na jiwe, maana kila ukikata umeme wa koili cheche inaruka ndani ya swichi na ndio inayozila zile pini.

Namba yake siwezi kuitupa hadharani bila ruhusa yake, anayemhitaji aje inbox. Ukimpigia mpe aina ya mashine na umtumie picha ya nyuma ya swichi na ya soketi ya klachi mapema, atakuja na vikonekta vinavyofaa, na kama uko Moshi kubalianeni nauli kabisa kabla hajapanda gari.