Uzoefu wangu: seti ya Kichina ya gemu 60 kwenye mashine ya zamani

Rafiki yangu ana saluni ya kunyoa Sinza. Aliinunua kwa mtu wa makontena mashine ya gemu ya kusimama, zile za kutumbukiza sarafu, imetoka Marekani na haiwaki. Mbao za chini zimeoza, bodi imeota kutu ya kijani. TV ya chogo iliyomo ndani ndiyo ilikuwa na uhai, na hata ukiizima unaona kwenye kioo vichochoro vya Pac-Man. Gemu hiyo ni ya 1980. Imewaka humo miaka mingi hadi picha ikaungulia kwenye kioo. Nikamshauri tuweke flati. "Thubutu! Hayo makovu ndiyo nimeyalipia."

Basi nikaagiza seti China kupitia wakala wa Kariakoo: bodi ya gemu 60 za zamani, nyaya, fimbo mbili, vitufe na spika. Hadi mkononi, laki mbili na themanini.

Seti ikiwa bado melini, jamaa akaita fundi. Yule bwana akasogeza kile kiswichi chekundu cha pawa saplai kutoka 115 kwenda 230, akachomeka ukutani. Pawa saplai ikapona. Transfoma ya TV haina kiswichi, ni ya volti 120 tu. Fyuzi ikaruka, moshi ukatoka, na fundi naye akakumbuka ana kazi Mbagala. Mwenye mashine ya Marekani anunue kwanza transfoma ya kushusha umeme, mashine nzima ipite hapo.

Chogo nililishughulikia mwenyewe. Hata ukichomoa waya, linaweza kubaki na maelfu ya volti. Ili kuutoa umeme huo, nilifunga waya kwenye bisibisi, upande wa pili kwenye fremu ya chuma, nikapenyeza ncha chini ya kile kikombe cha mpira kilichobanwa juu ya chogo, mkono mmoja mfukoni. Tak! Nikangoja, nikarudia. Baada ya kubadilisha kapasita, picha iliyokuwa ikipepea kama khanga kwenye kamba ikatulia. Kama hujawahi kufanya hivyo, mpe anayejua.

Sasa seti yenyewe. Bodi ni nzuri, sina neno. Vitufe vinalia vizuri, tik tik. Spika ni takataka, niliweka ya redio ya gari. Nyaya ndizo zilizonikera. Mfumo wake unaitwa JAMMA, upo tangu 1985: soketi moja ya pini 56, 28 kila upande, na kwenye nafasi ya saba panatakiwa kizuizi ili usichomeke bodi kichwa chini. Yangu ilikuja bila kizuizi. Ukigeuza, umeua bodi. Nikapaka rangi ya kucha ya mke wangu juu ya soketi na juu ya bodi, rangi itazamane na rangi.

Ikawaka, lakini kila baada ya dakika mbili inaanza upya. Kwenye pawa saplai mita inasoma volti 5, kwenye bodi 4.6. Nyaya nyembamba zinakula umeme. Nikazungusha kiskrubu kidogo cha pawa saplai huku napima kwenye bodi, ilipofika 5 ikatulia. Fimbo nayo ilikuja imepangwa njia nane, Pac-Man akawa anagoma kwenye kona. Chini yake kuna kibao cha plastiki. Ukikigeuza inakuwa njia nne.

Mbao tulipeleka Keko. Fundi alitengeneza kitako kipya kwa plaiwudi ya milimita 18, halafu mpira wa ukingoni ukatokeza. "Bosi, huyu Mmarekani kapima inchi robo tatu." Ni 19. Akaunyoa kwa wembe, taratibu, mzunguko mzima, wala hakuongeza bei. Huyo nitamrudia hata kwa kabati.

Rangi, kijani na njano. Mimi ni Simba. Nimepiga msasa na kupulizia rangi za Yanga kwa mikono yangu, na jamaa ana picha, huzitoa kila dabi.

Seti naipa nne kati ya tano. Moja imeliwa na nyaya na spika. Tundu la sarafu lilitengenezwa kwa senti 25 za Marekani, kwa hiyo tuliweka kitufe pembeni, cheza bure ukisubiri zamu. Mteja mmoja hakuamini cha bure, akasukumiza sarafu ya mia mbili. Karume bado yumo humo, amekwama, na mwenye saluni amekataa nisimtoe.