Mwalimu White kanivuruga: hela ya mchango aikatae, ya madawa aikumbatie?

Nimemaliza Breaking Bad, ile sizoni ya Marekani ya mwalimu anayepika madawa ya kulevya, majuzi na bado nina hasira nayo. Najua mtasema mama umechelewa wapi, hii kitu ilianza 2008 ikaisha 2013, dunia nzima ishaangalia na ishasahau. Sawa, sisi wengine tunaangalia tv watoto wakishalala na umeme ukiwepo, kwaiyo mtuvumilie. Na hata kijana wa laibrari ya muvi kule Majengo alivyokua ananiwekea kwenye flashi alinitazama juu mpaka chini akasema, "Mama hii sio ya wamama, nikuwekee za Kikorea?" Nikamwambia weka sizoni zote tano, hujaulizwa. Kama hujaiangalia na una mpango nayo ishia hapa hapa, maana namwaga mtama wote.

Uigizaji siongelei, Bryan Cranston kapewa tuzo nne za Emmy kwa kumuigiza huyu mtu na wangempa ya tano nisingenuna. Shida yangu ni mtu mwenyewe. Walter White, mhusika mkuu, mi namuita Mwalimu White. Wala sijali kwamba kauza madawa au kaua watu, kwenye hizi sizoni nani haui. Kinachoniuma ni sizoni ya pili epsodi ya 12, pale mtoto wake anapomchangishia hela ya matibabu. Pale ndo tulipoachana, afu tukarudiana, afu tukaachana tena, na sasa hivi sijui tuko wapi.

Mi huyu mtu nlimpenda jamani. Baba watoto ni mwalimu wa kemia, sekondari hapa hapa Dodoma, kwaiyo ile epsodi ya kwanza ilinikuta pabaya: mwalimu kafikisha miaka 50, anafundisha darasa ambalo halina habari nae, akitoka hapo anaenda kuosha magari ili mwezi ufike, afu gari alilolipigia magoti anasugua tairi ni la mwanafunzi wake na mwanafunzi anamcheka. Mimi machozi yalinitoka. Baba watoto hakulia ila aliacha kutafuna karanga, na akinyamaza vile namjua. Yeye nae akitoka shule ana tuisheni, jumamosi yuko Mpunguzi kwenye zabibu zake, na wanafunzi wake wa zamani wengine wako maofisini Mtumba wanapita na V8 vioo juu.

(Ila nina swali. Mwalimu masikini ana bwawa la kuogelea uani? Sisi huku Nzuguni maji ya mgao tunakesha tunajaza madumu, mtu ana bwawa zima anatuambia hana hela. Umasikini wa Marekani nao una mambo yake.)

Basi akagundulika ana kansa ya mapafu, mke mjamzito, mtoto wa kwanza ana ulemavu anatembelea magongo, akaanza kupika madawa na yule mwanafunzi wake wa zamani, Jesse, ili aache chochote nyumbani. Nikasema pika baba. Kwa sauti kabisa nlisema, pika.

Kuna kile kikao cha familia, wamekaa sebuleni wanapokezana mto, mwenye mto ndo anaongea, wanambembeleza akubali kutibiwa. Nlicheka sana, kwetu huo mto wangeukamata mashangazi asubuhi na jioni bado wanao. Ila ni kwenye epsodi hiyo hiyo nlianza kumwangalia kwa jicho lingine, maana rafiki yake wa zamani Elliott, waliyeanzisha nae kampuni kabla White hajauza fungu lake kwa dola 5,000 na kuondoka, sasa ni tajiri wa kutupa, kamwambia njoo ufanye kazi kwetu, bima yetu nzuri, utatibiwa. Yaani mtu kaletewa dawa mpaka mdomoni. Kakataa. Afu anarudi kumdanganya mkewe kwamba anayelipa matibabu ni Elliott! Hela ya Elliott hataki, jina la Elliott anatumia. Nlikiona hicho kiburi, nkakimeza, nkasema wanaume ndo walivyo.

Sizoni ya pili inaanza anapiga hesabu, hesabu ya kialimu kabisa, ada za watoto, nyumba, matumizi, anapata dola 737,000, akizifikisha anaacha. Tunaenda, tunaenda, tunafika hiyo epsodi ya 12. Mtoto wake Walter Jr anakaa na kompyuta anamtengenezea baba yake tovuti, kaweka picha, kaandika baba yangu ni mtu mzuri naomba mumsaidie. Mtoto, kwa akili yake mwenyewe! Na baba mtu anakunja sura. Anaenda kwa wakili wake Saul kulalamika kwamba mtoto anamfanya ombaomba mbele ya dunia. Wakili nae ndo anapata wazo, hela ya madawa ipitishwe humo humo kwenye tovuti ya mtoto, kidogo kidogo, kwa majina ya watu wasiokuwepo, ionekane wamechangia. Kwaiyo mtoto yuko pale anashangilia kila hela ikiingia, anaona dunia imejaa watu wema, kumbe ni hela ya baba yake inazunguka inarudi nyumbani.

Nlizima tv.

Jamani sisi tunaishi kwa michango. Harusi mchango, msiba mchango, ugonjwa ndo usiseme. Miaka kadhaa nyuma baba watoto alifanyiwa upasuaji, bima ikabeba vya kwake na vingine tukaambiwa tulipie wenyewe, walimu wenzie wakafungua group, mweka hazina akawa anaweka orodha kila jioni, fulani elfu kumi, fulani elfu tano, fulani ahadi. Wanafunzi wake wa zamani wakasikia wakaingia. Kuna mmoja alituma elfu mbili na ujumbe, mwalimu samahani ndo niliyonayo sina kazi kwa sasa, ila wewe ndo ulinielewesha mambo ya moli. Hiyo elfu mbili nitaenda nayo kaburini. Sasa nikimwona mtu anakunja sura kwasababu mwanae kamwombea msaada siwezi kucheka nae.

Nikamwambia baba watoto, unaona anachomfanyia mtoto? Mnajua kanijibu nini. Kasema, "Mama watoto, wewe hujui inavyouma." Nikamuuliza kinauma nini? Akasema kulala kitandani unasomewa orodha, kila jina linalosomwa utakutana nalo barabarani maisha yako yote na lazima ulichekee. Nikabaki mdomo wazi. Miaka yote hajawahi kulisema hilo, amesubiri mpaka aje amtetee jambazi wa New Mexico! Na aliyekua anazunguka na simu usiku na mchana kufuatilia ile michango ni mimi. Tulilala tumegeuziana migongo kwasababu ya sizoni, hebu fikiria.

Na epsodi yenyewe haijaisha, tukaja kuimalizia kesho yake kila mtu na upande wake wa kochi. Mkewe alishajifungua mwanzoni mwa epsodi yeye hayupo, alikua njiani anapeleka mzigo wa madawa wa dola milioni 1.2, aliyemkimbiza mama hospitali ni bosi wa huyo mama kazini. Usiku anatoka anakaa baa na mzee mmoja asiyemjua wanapeana moyo mambo ya kulea watoto, kumbe yule mzee ni baba yake Jane, mpenzi wa Jesse. Kutoka pale anaenda kwa Jesse, anawakuta wote wawili wamelala hawajitambui, anamtikisa Jesse, katika kutikisa tikisa Jane anageuka analala chali, anaanza kutapika, anapaliwa. Mwalimu anamkimbilia. Afu anasimama. Anamwangalia mpaka anakufa. Machozi yanamtoka, ndio, nimeyaona, ila mkono hautoki, kwasababu yule binti alimtishia kumchoma kwa polisi asipotoa fungu la Jesse, dola 480,000. Na nyumbani ana kitoto kichanga cha kike hakijamaliza hata wiki!

Yule baba wa Jane kumbe kazi yake ni kuongoza ndege. Akarudi kazini na msiba wake kichwani, ndege mbili zikagongana angani, watu 167. Shule ya mwalimu wetu inakusanyika ukumbini, wanafunzi wanalia, yeye anachukua maiki anawaambia kuna ajali mbaya zaidi ya hii, ile ya Tenerife 1977 walikufa 583, hii iko kwenye ya 50 huko. Mwalimu anaongea hivyo mbele ya watoto! Hata baba watoto alisonya, na ndo tukaanza kuongea tena.

Sizoni ya tatu na ya nne mi naangalia tu nione lini anakamatwa, sina cha kusema, kila akipona kwenye mtego nanuna.

Sasa kuhusu Skyler, mkewe. Wanaume wote ninaowajua hawampendi, et ana mdomo, et anambana mume. Na sio wa Dodoma tu, mwigizaji mwenyewe Anna Gunn aliandika kwenye New York Times mwaka 2013 jinsi watu walivyomchukia mpaka yeye binafsi, kisa kaigiza mke anayeuliza mume umetoka wapi. Nina shemeji, mdogo wake baba watoto, anakaa Chang'ombe, wikiendi anakuja kula na kuangalia. Tukafika sizoni ya tano epsodi ya 14. Hank, askari wa madawa, mume wa mdogo wake Skyler, anauliwa kule jangwani, na White alijitolea hela yake yote, milioni 80, ili wasimuue. Haikusaidia. Pale nakubali nlilegea kidogo. Afu anakimbia na kale katoto, anapiga simu nyumbani, polisi wamejaa sebuleni wanasikiliza, anaanza kumporomoshea mkewe matusi, mjinga wewe, haya yote umeyataka wewe, ungekua na heshima tusingefika hapa. Shemeji akasimama akapiga makofi. "Leo kamwambia! Leo kamwambia!" Afu ananigeukia mimi, kwenye kochi langu, wali wangu uko tumboni mwake, "Shem, nyie ndo mnaowarudishaga wanaume nyuma."

Sikumjibu maana nlikua naangalia tv, kitu ambacho yeye hakua anafanya. Mwalimu White alikua analia. Anatukana huku uso wote umelowa, kwasababu anajua polisi wanasikiliza, anajibebesha kesi yote ili mke aonekane hakujua chochote. Na mtoto anaenda kumuacha kituo cha zimamoto arudishwe kwa mama yake. Skyler mwenyewe anang'amua katikati ya simu, uso unambadilika. Shemeji mpaka leo hajang'amua, na nlivyomwelewesha akasema mnapenda kutafuta maana.

Ila na mimi sina uhakika. Yale matusi hayakutungwa siku ile, mtu hawezi kutukana kwa mpangilio vile kama hajayafuga moyoni miaka. Baba watoto anasema ni mapenzi yale. Mi nasema mapenzi yalikuwepo na uchafu ulikuwepo, simu moja.

Akaenda kujificha New Hampshire, theluji mpaka mlangoni, yeye na pipa la hela. Anamlipa anayemletea mahitaji dola 10,000 za juu ili akae nae tu wacheze karata, jamaa anamkatia saa moja. Anafunga dola laki moja kwenye boksi amtumie Walter Jr, anampigia simu shuleni, na yule mtoto, yule yule wa tovuti, anakataa. Anamwambia kwanini bado uko hai, kufa tu. Nlifurahi! Onja na wewe kutoa ukakataliwa. Afu nikamwona alivyobaki kaishikilia ile simu, furaha yote ikaniisha, nikaanza kumwonea huruma tena na kujichukia kwa huruma yenyewe.

Na mwisho kabisa anaenda wapi? Kwa Elliott! Anaingia nyumba yao, anawapangia mezani dola milioni 9.72, anawalazimisha wampe mwanae akifikisha miaka 18 na waseme ni msaada wao, anawatisha kuna wauaji nje, kumbe ni vijana wawili na vitaa vya leza. Kwaiyo mtoto atatunzwa kwa "hela ya Elliott". Sizoni tano, Jane, Hank, ndege mbili, ili hela ije ipite mlango ule ule alioukataa sizoni ya kwanza! Nlipiga kelele baba watoto akaniambia utaamsha watoto.

Afu anaenda kwa Skyler jikoni. Anataka kuanza ule wimbo wake, Skyler anamkatisha, usiniambie tena ulifanya kwaajili ya familia. Na yeye anasema nlifanya kwaajili yangu. Nlipenda. Nlikua naiweza. Nlijiona niko hai. Dakika ile nlimsamehe vyote, hata Jane, sijui kwanini, labda kwasababu ndo mara ya kwanza mtu yule anaongea na mkewe. Nikamwangalia baba watoto, hakusema kitu, akaniletea karanga.

Asubuhi naamka sijamsamehe. Nachota maji nakumbuka ile tovuti, hasira inapanda upya. Mkiniuliza niwape maksi leo nasema mtu mbaya, sizoni nzuri, iangalieni. Mkiniuliza kesho inaweza ikawa kinyume chake. Baba watoto anataka tuanze ile nyingine ya yule wakili Saul, nimemwambia flashi iko kabatini, tuanze, ila mdogo wako akija wikiendi tunaangalia mpira.