Vifaa vya chiti vya PS1 na PS2: soma stika ya mashine kabla hujatoa pesa

Ujumbe unaonifikia kuliko mwingine wowote ni huu: "Dada, GameShark imefika, lakini sioni pa kuichomeka." GameShark ni kifaa cha chiti, yaani cha kudanganya gemu. Anayeandika kasoma maoni ya wanunuzi, kalinganisha bei, kakagua mpaka picha za boksi. Mgongo wa PlayStation yake mwenyewe ndio hakuutazama.

Kwa hiyo humu sitakuhesabia kila kifaa kina misimbo mingapi wala menyu yake inapendeza vipi. Vyote vinafanya kazi ileile: vinabadili namba zilizo kwenye memori wakati gemu inaendelea, maisha yasiishe, risasi zisipungue, pesa zijae. Swali ni kama kitaingia kwenye mashine yako, na kikiingia, kama kitaelewana na diski uliyonayo. Hayo mawili muuzaji hakuambii.

Geuza mashine. Chini kuna stika imeandikwa SCPH, kisha namba. Tarakimu ya mwisho mara nyingi inakuambia mashine ilitengenezewa wapi: 0 ni Japani, 1 Marekani, 2 Ulaya. Nyingi zilizozagaa kwetu ni za 2, ingawa za Kijapani nazo zimeingia na mitumba. Tarakimu zilizotangulia ndizo zenye shughuli. PS1 za kijivu kuanzia SCPH-1002, zikafuata 5502, 5552, 7002 na 7502, zina tundu pana nyuma lililofunikwa kwa plastiki, limeandikwa PARALLEL I/O. Kaseti ya chiti inaingia hapo. Sony yenyewe haikulitumia tundu hilo kwa chochote cha maana, waliolifaidi ni watu wa chiti na watu wa diski za kuchoma, basi ilipotoa toleo la 9000 mwaka 1999 ikaliondoa. SCPH-9002 kwa mbele inafanana na 7502 kama pacha, ila nyuma ni ukuta mtupu. Ile ndogo nyeupe ya mwaka 2000, SCPH-102, nayo haina. Na kwa kuwa huku PlayStation ya kwanza, kubwa kwa ndogo, yote tunaiita "PS One", ukimwambia muuzaji unayo PS One na yeye akakujibu kaseti yake ni ya PS One, mmekubaliana juu ya vitu viwili tofauti.

Kama hata mashine bado hujanunua, usikimbilie SCPH-1002 kwa sababu tu ina tundu. Hizo za mwanzo lenzi yake imekaa karibu na pawa saplai, inapata joto na kuchoka, ndiyo maana zamani ulikuwa unakuta watu wamezipindua juu chini ili zisome. Tafuta 5502, 7002 au 7502. Tundu lipo, na lenzi ilishasogezwa. Mimi ningechukua 7502 bila kufikiri mara mbili.

Namba moja: kaseti ya Action Replay ya Datel, kwa PS1 yenye tundu

Sijifichi, mimi ni mtu wa Datel. Ni kampuni ya Uingereza, jina la Action Replay limekuwapo tangu enzi za Commodore 64 miaka ya 1980, na kaseti zao za PS1 zinavumilia. Nimeona zilizokaa kwenye mabanda ya gemu, vumbi na joto, na ukifuta meno yake kwa pamba yenye spiriti zinawaka.

Sasa jambo litakalokuokolea pesa. GameShark ya PS1 iliyouzwa Marekani na InterAct ni kazi ya hao hao Datel, imebandikwa jina lingine. Mtu anayekudai zaidi kwa sababu "hii ni GameShark original" anakuuzia stika. Angalia pia mwaka: Mad Catz walichukua jina la GameShark mwaka 2003, kwa hiyo iliyotoka baada ya hapo si ndugu wa ile ya kwanza hata kama boksi linafanana.

Ubaya wake ni kwamba inaning'inia nyuma. Ukisukuma mashine mpaka ukutani, au mtoto akivuta waya wa pedi, mguso unacheza na gemu inaganda. Acha nafasi ya kiganja nyuma ya mashine. Kile kifuniko cha plastiki ulichokitoa nacho kitunze, maana siku ya kuuza mnunuzi atakiulizia.

Xplorer, ambayo wengine wanaifahamu kama Xploder, inaingia tundu lilelile na si mbaya. Ukiipata kwa bei nzuri chukua, ila mimi moyo wangu uko kule.

Pale watu wanapodhani kifaa kibovu

Kaseti imeingia, menyu imetokea, umechagua chiti ya maisha, umebonyeza kuanza. Skrini nyeusi. Au gemu inaanza lakini chiti haifanyi chochote. Wengi wanarudisha kifaa, au wanakitupa kwenye droo, na hakikuwa na kosa lolote.

Msimbo wa chiti ni anwani: unasema, nenda mahali fulani kwenye memori, weka namba hii. Lakini gemu moja ilitoka mara kadhaa, ya Marekani, ya Ulaya, ya Japani, na vitu havikai mahali pamoja katika matoleo hayo. Kila diski ina namba yake ya toleo: Metal Gear Solid ya Marekani diski ya kwanza ni SLUS-00594, ya Ulaya ni SLES-01370. Msimbo wa SLUS ukiupeleka kwenye SLES, unaandika kwenye nyumba ya mtu mwingine. Bahati yako ikiwa nzuri haitokei kitu, ikiwa mbaya gemu inakwama.

Kwetu tatizo hili lina mzizi wake. Mashine zilitoka Ulaya na Dubai, zikatiwa chipu, na mashine yenye chipu inacheza diski ya popote. Kwa hiyo unaweza kuwa na mashine ya Ulaya, kaseti ya Uingereza, na diski ya kuchoma iliyonakiliwa kutoka toleo la Marekani. Orodha ya misimbo iliyomo kwenye kaseti ni ya Ulaya. Mashine yako haina neno katika hili: msimbo unafuata diski, haufuati mashine. Nasisitiza kwa sababu kila wiki kuna mtu ananibishia.

Diski ya kuchoma utaijuaje, wakati juu imeandikwa kwa maka "WINNING" basi? Iweke kwenye kompyuta yenye CD. Ndani utakuta faili lenye jina kama SLUS_005.94. Hiyo ndiyo namba yenyewe. SLUS na SCUS ni Marekani, SLES na SCES ni Ulaya, SLPS, SLPM na SCPS ni Japani. Ukishaijua, tafuta msimbo wa namba hiyo hiyo, uuingize kwa mkono. Kaseti haikatai kuandikiwa.

PS2: namba moja ni memori kadi, moyo upende usipende

Ningetamani kusema Action Replay MAX, ile ya Datel kwa PS2. Siwezi. Kwenye PS2 vifaa vya chiti vilikuja kama diski: unawasha na diski ya chiti, unachagua, unaitoa, unaweka ya gemu. Hapo unahitaji lenzi yenye afya, na PS2 iliyopita banda la gemu miaka kumi lenzi yake inaomba kustaafu. Pia diski hiyo ina eneo lake. Ya Marekani haiwaki kwenye PS2 ya Ulaya isiyo na chipu. Na baadhi ya matoleo ya mwanzo yalikuja na kidude cha kuchomeka, bila hicho diski inagoma, na wauzaji wa mitumba wanakuuzia diski peke yake kana kwamba kidude hakijawahi kuwapo.

Kwa hiyo chukua memori kadi yenye FreeMcBoot, programu inayowasha PS2 kutoka kwenye kadi. Unaichomeka, unawasha, inakuletea menyu yake kabla hata lenzi haijaguswa. Ukiendesha gemu kwa Open PS2 Loader, programu ya kucheza bila diski, kutoka kwenye flashi au diski kuu, chiti zinasomwa kutoka folda iitwayo CHT, faili moja kwa kila gemu, na jina la faili ni namba ya gemu. GTA San Andreas ya Marekani ni SLUS_209.46.cht, ya Ulaya ni SLES_525.41.cht. Mkanganyiko wa maeneo unaisha hapo, maana ukikosea namba faili halisomwi kabisa, na gemu haiharibiki.

Stika tena. FreeMcBoot inakubali karibu kila PS2, nene na nyembamba, isipokuwa SCPH-90000 za mwisho mwisho ambazo Sony waliziba mlango. Mashine yako ikianza na 9, mwambie muuzaji aiwashe na kadi mbele yako. Akikwambia "nenda kajaribu nyumbani", mwachie. Na chagua kadi ya MB 8. Zile zinazojitapa MB 64 au 128 zina tabia ya kumeza sevu zako, na sevu ya Master League ya misimu sita hairudi.

Nafasi ya pili ni CodeBreaker, programu nyingine ya chiti, kwa sababu hiyo pia inaweza kuendeshwa kupitia FreeMcBoot bila diski. Action Replay MAX ni ya tatu, na inaniuma kuiandika chini ya CodeBreaker. Misimbo ya hawa wawili haiingiliani: kila mmoja ana namna yake ya kuifumba, wa huku ukiuandika kule unakataliwa. Programu ya Omniconvert kwenye kompyuta inabadilisha, dakika moja.

Nusu ya wanaoniuliza kifaa cha PS2 wanakitaka kwa ajili ya San Andreas. Gemu hiyo ina chiti zake ndani, unabonyeza pedi tu, silaha na pesa zinakuja. Ukitaka makubwa zaidi ndipo ufikirie kifaa, na ujue kwamba baada ya sakata la mwaka 2005 la sehemu ya ngono iliyofichwa ndani ya gemu, Rockstar waliotengeneza gemu hiyo walitoa diski upya, misimbo ya diski ya kwanza haifanyi kazi kwenye ile iliyorekebishwa.

Za bei rahisi

Kaseti za Kichina zisizo na gamba, bodi ya kijani tupu: zinawaka zikitaka. Diski za CodeBreaker za kuchoma: zinahitaji chipu.

Wenye mashine za gemu za kaseti

Walioko Ulaya na Marekani wananiuliza kuhusu Game Genie, kifaa cha chiti cha NES, mashine ya zamani ya Nintendo. Mahakama za Marekani ziliiruhusu, Nintendo wakashindwa na Galoob, waliokuwa wakiiuza, kwenye rufaa mwaka 1992, lakini kuruhusiwa na kukaa vizuri ni mambo mawili. Bodi yake ni nene kuliko ya kaseti ya kawaida, inatanua meno ya ndani ya NES ile ya kuingiza kwa mbele, na ukizoea kuitumia, siku ukiitoa kaseti zako zinaanza kukataa. Huku nyumbani usiiagize kabisa: zile gemu za kaseti tulizokua nazo ni nakala za Famicom, NES ya Kijapani, zenye meno 60, Game Genie ya NES inataka 72.

GameShark ya N64 (Nintendo 64) kuna siri ninayoitoa bure. Gemu za N64 zina chipu za ulinzi za aina tofauti, na GameShark inawekewa ufunguo wa aina mojawapo. Aliyeiweka kwenye ufunguo wa Zelda akakuuzia wewe mwenye Mario, haitawaka, naye ataiuza kama mbovu. Nunua hiyo "mbovu", azima Zelda, jaribu. Nyingine ni mbovu kweli, basi usitoe zaidi ya bei ya chuma chakavu.

Na sasa wauzaji

"Inapiga PS zote." Hakuna kifaa cha chiti duniani kinachopiga PS zote. Halafu yule anayeweka picha ya boksi aliyoichota mtandaoni, ukiomba picha ya kifaa chenyewe anasema simu yake kamera mbovu. Bei njoo inbox. Ukienda inbox anakuuliza kwanza uko wapi, ndipo akupe bei ya mtaa wako. Na hii tabia mpya ya kubandika neno "retro" kwenye kila kitu cha kijivu: kaseti iliyokuwa inatupwa pamoja na mashine mbovu sasa inauzwa kuliko PS1 nzima yenye pedi mbili. Kaseti ikizidi bei ya mashine, usinunue kaseti. Nunua mashine ya pili yenye tundu nyuma. Kuna watu walizihifadhi kaseti zikiwa bado zimechomekwa huko nyuma, na muuzaji hata hajui kwamba ipo.

Ukiongea naye, omba vitu viwili: picha ya stika ya mashine aliyoijaribia, na video fupi ya menyu ikiwaka kisha gemu ikiingia. Menyu peke yake haitoshi, kaseti nyingi zilizochoka zinaonyesha menyu vizuri kabisa na kufia hapo hapo. Anayekutumia vyote viwili, mpe bei yake.