Tahadhari: draifu shafti zangu zilikuwa nzima

Ndugu zangu mnaoendesha IST, Vitz, Raum na magari mengine ya zamani yanayovutwa na magurudumu ya mbele, hapa Dar es Salaam kuna muuza spea mwenye gereji nyuma ya duka lake ambaye anastahili kufungiwa biashara leo kabla ya kesho. Simtaji jina kwa kuwa shauri limekwisha fika polisi. Wanaonifahamu waniulize pembeni.

Gari langu ni IST, nami nilikuwa na safari ya Morogoro. Mwendo ukifika kilomita 90 kwa saa usukani ulikuwa unatetemeka, na nikirudi chini ya 80 unatulia. Nilikwenda kwake kwa sababu shemeji alinunua kwake beringi ambayo hadi leo haina neno, na pia kwa sababu hakulivamia gari kwa pupa: alivaa glavu, akaliinua mbele kwa jeki, akaliweka juu ya stendi, akawasha injini na kuingiza gia huku magurudumu yakining'inia, kisha akaniita niiname nitazame. Niliona draifu shafti, yaani chuma kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, ikirukaruka na kugonga, ya kushoto zaidi ya ya kulia. Akazima injini, akaishika jointi ya ndani, yaani kiungo cha shafti upande wa gia boksi, akaivuta na kuisukuma, nayo ikaingia na kutoka. Akaniambia kwa sauti ya huruma, "Dada yangu, kwa hali hii Chalinze hufiki, itachomoka barabarani." Nani angebisha wakati chuma kinacheza mbele ya macho yake?

Fundi mwingine ndiye aliyenieleza kinachonichoma hadi sasa. Gurudumu likining'inia, shafti hupinda kwa pembe kali kuliko gari likiwa limekanyaga chini, kwa hiyo hata iliyo nzima inaweza kugonga. Na jointi ya ndani imeundwa iingie na kutoka ili ifuate gurudumu linapopanda na kushuka. Yule bwana anayafahamu haya yote. Alinichezea sinema.

Nililipa shilingi 380,000 kwa shafti mbili alizoziita mpya, zikiwa zimepakwa rangi nyeusi inayong'aa juu ya kutu, hadi kwenye meno ya ncha zake. Nilipotaka nipewe zile zangu, alisema utaratibu wa gereji ni kuziacha kwa ajili ya chuma chakavu. Chuma chakavu! Zile zilitoka kiwandani pamoja na gari.

Kibaha sijaimaliza, usukani ukaanza tena. Huyo fundi wa pili aliyatoa magurudumu ya mbele na kuyapeleka kwenye mashine ya balansi: rimu moja ilikuwa imedondosha risasi zake, yaani vile vipande vya uzito vya kusawazisha gurudumu, na tairi la kushoto lilikuwa na uvimbe upande wa ndani, nyuzi zake zimeachana. Tairi likabadilishwa, balansi ikafanywa, mtikisiko ukaisha. Sasa hiyo shafti "mpya" ndiyo inayolia ta-ta-ta nikikata kona.

Mtu huyu arudishe fedha, kisha ashitakiwe. Tume ya Ushindani, inayoshughulikia bidhaa bandia, impekue stoo yake, na TRA, mamlaka ya mapato, wamuulize kwa nini alinipa karatasi ya mkono badala ya risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Faini ndogo haitoshi, maana ataifidia kwa mteja mmoja tu.

Mkikutana na wa namna yake, angalieni haya: hakuliendesha gari hata hatua moja, hakuyagusa matairi, wala hakuuliza kama mtikisiko uko kwenye usukani au kwenye kiti, kama unakuja kwenye breki, au kama unazidi nikikanyaga mafuta na kupungua nikiachia, jambo ambalo ndilo dalili ya jointi ya ndani iliyochoka.

Na yeyote aliyenunua kwake shafti ya IST hivi karibuni aikwangue rangi karibu na jointi ya ndani. Akikuta nukta mbili zilizogongwa kwa ncha ya chuma, hiyo ni yangu. Fundi wangu aliziweka alipobadilisha raba inayofunika jointi na kuhifadhi grisi yake, na naomba shafti hiyo ifikishwe kituoni kama ushahidi.