Wakala wa vibali vya droni mjini Unguja: makaratasi safi, simu hapokei

Nianze na nyota mana najua wengi mnashuka moja kwa moja kutafuta nyota: tatu na nusu kwa tano. Kama kazi yako ya droni iko Mbweni, Chukwani, Mazizini au Kiembesamaki, yani huku karibu na kiwanja cha ndege ambako ndege ikishusha matairi unayahesabu, huyu jamaa mpe hela yake. Kama kazi iko Makunduchi, mbali na kiwanja, na droni yako ina makaratasi yake yote, baki na hela yako, barua utaandika mwenyewe. Jina simtaji, nna malalamiko yangu na sitaki ugomvi na mtu ninaekutana nae Darajani kila wiki, anaetaka anifate inbox.

Kazi yenyewe ilikuwa kupiga picha za juu za nyumba za kuuza Mbweni, mwenye mradi yupo Marekani, na kila tukiongea ananiuliza kwani si unabonyeza tu kwenye simu. Kwao ndivyo kweli. Mamlaka yao ya anga, FAA, ina mfumo unaitwa LAANC, rubani wa droni za biashara mwenye cheti chake anafungua programu anaona eneo la kiwanja cha ndege limekatwa vimraba, kila kimraba kimeandikwa futi ngapi anaruhusiwa, huku 400, huku 200, huku 100, karibu na njia ya kurukia sifuri, akiomba ndani ya namba ile jibu linarudi kwa sekunde. Akitaka zaidi ya namba hiyo ndo anaandika maombi marefu anasubiri mtu ayasome. Nikamwambia kaka, sisi huku kimraba chetu ni bahasha ya kaki.

Na bahasha hiyo inazunguka. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo ruhusa ya kurusha ni ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, kanuni zao za droni zilitoka 2018. Droni yenyewe lazima iwe imepita Wizara ya Ulinzi. Kiwanja chetu cha Abeid Amani Karume kinasimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar. Ukiwa unapiga filamu kuna Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, na ukitaka kurusha Mji Mkongwe wenyewe nao wana mamlaka yao ya uhifadhi. Hakuna katika hao anaekukatalia kwa uchoyo, kila mmoja anashika kipande chake, tatizo ni kujua uanze wapi na barua ya nani itajwe kwenye barua ya nani. Hapo ndo unamlipa wakala.

Na hapo, wallahi, anajua. Mimi nilimpelekea ramani ya kwenye simu nimezungushia duara jekundu, akaiangalia akacheka akanirudishia. Akataka kila pembe ya kiwanja cha mradi kwa digrii, dakika na sekunde, kusini mwa ikweta na mashariki, akataka kimo kwa futi na sio mita mana wenye ndege wanasoma futi, akataka umbali na upande kutoka kiwanja cha ndege, aina ya droni na uzito wake, jina la rubani, namba ya simu ya mtu atakaesimama pale pale site, na kitu ambacho mimi nisingekifikiria kukiandika: droni ikipoteza mawasiliano na rimoti itafanya nini, itapanda kimo gani kabla ya kurudi nyumbani. Fikiria umeomba futi 150 halafu droni imewekewa ikipotea ipande futi 300 ndo irudi. Kibali chako kinasema moja na mashine yako inafanya jengine, na hiyo mia na hamsini ya ziada ndo anapopita mtu na kindege chake. Aliniambia nibadilishe kwenye mpangilio wa droni kwanza ndo aandike. Kwa kipande hicho peke yake ningempa tano.

Ila sasa saa. Makaratasi ya anga yanaandikwa kwa saa za UTC, yani saa moja inayotumika dunia nzima, sisi tuko mbele masaa matatu, na juu yake tuna saa zetu za Kiswahili. Saa moja asubuhi ya kwetu, kwenye simu ni 7:00, kwenye fomu inatakiwa 0400. Kijana wake wa ofisini akaandika 0700. Maana yake tungeruhusiwa kuanzia saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali, vivuli vimefupika, nyumba zote zinaonekana bapa, na vindege vya Dar na Pemba ndo vinapishana. Niliiona kwa sababu nilisoma nakala kabla haijapigwa muhuri, na nilipomwonesha bosi wake jibu lake lilikuwa "aah kijana huyo", basi, hata pole hamna. Nyota nusu imeondoka hapo.

Kizuri chengine ambacho sikukitegemea: barua ya sheha, kiongozi wa mtaa. Hii haipo kwenye kanuni yoyote ya ndege ila mtu wa hapa anajua. Droni ikipita juu ya mtaa asubuhi watu wako uani kwao, mama anaanika nguo hajajitanda, mtoto anaoga kwenye beseni, halafu kitu kinavuma juu kina jicho. Sheha alishapewa tarehe na saa, akawapitishia watu habari, na kibao kidogo tukakiweka njiani. Alikuja mzee mmoja amekunja uso kuuliza nani katuruhusu, tukamtaja sheha, akakaa na sisi mpaka mwisho anaangalia kwenye skrini, akaomba aoneshwe paa lake linapovuja.

Siku ya kurusha sasa. Kibali kwenye kiwanja chenye mnara sio ruhusa ya kujirukia tu, unawapigia waongoza ndege kabla, unapiga tena umeshatua, na wakisema shusha unashusha. Wakala alituambia atakuwepo kwenye simu muda wote. Saa kumi na mbili na nusu tunampigia hapatikani, tunampigia tena inaita tu. Namba ya mnara ilikuwepo kwenye barua kwa hiyo tuliendelea, lakini je ingekuwa haipo? Mtu wa mnara alikuwa mstaarabu, akatwambia subirini kuna ndege inaingia, na kweli tukaisikia kabla hatujaiona, kindege cha abiria, Caravan ya injini moja, kinatokea upande wa bahari, chini kuliko nilivyodhani ndege hupita pale. Ukiiona ile kwa macho yako unaacha kubishana kuhusu futi.

Kwa wanaotaka kupanga kazi maeneo haya, angalieni upepo kwanza. Njia ya kurukia imelala kaskazini kwenda kusini, kilomita 3 hivi, na ndege hutua ikiuelekea upepo. Msimu wa kusi, upepo wa kusini, zinashuka kutokea kaskazini juu ya Ng'ambo, msimu wa kaskazi, upepo wa kaskazini, zinakuja kutokea upande wa Chukwani. Sisi wa Mbweni tuko ubavuni, tuna nafuu, ila vindege vidogo havina haja ya njia yote, vinapaa mapema na kukata kona. Kazi ya Chukwani mimi ningeipeleka kipindi cha kusi.

Na wasiwasi wa mnara msiuone ukali. Gatwick kule Uingereza, Disemba 2018, watu waliripoti kuona droni karibu na kiwanja, safari kama 1,000 zikavurugika na abiria kama 140,000 wakakwama kuelekea Krismasi. Sisi kisiwa kizima cha Unguja kinategemea kiwanja kimoja cha ndege kubwa.

Kitu wakala hakunambia kabisa na kilitaka kutuharibia asubuhi ile: kufuli ya droni yenyewe. Yangu ni ya kampuni ya DJI, ya miaka ya nyuma, eneo la kiwanja kwenye programu yake limepakwa rangi na mapanga hayawaki mpaka uwapelekee kampuni kibali chako mtandaoni wakufungulie. Marekani kufuli hizo ziliondolewa Januari 2025 zikabaki onyo tu, yangu bado ilikuwa nayo. Mwenzangu alishawahi kukutana na hii akafungua mapema, bila yeye tungekuwa na barua zenye mihuri mizuri na droni imekaa chini kama kobe. Mtu anaejiita mtaalamu wa vibali vya karibu na kiwanja angelisema hilo siku ya kwanza.

Halafu kuna majigambo. Kila mteja wakala anamwambia kuwa ni yeye wakala ndo alieleta droni Zanzibar. Yakhe, 2016 Kamisheni ya Ardhi, SUZA (chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar) na Benki ya Dunia walipiga picha za droni Unguja na Pemba kwa ajili ya ramani, na vijana wa SUZA ndo walifunzwa kurusha. Punguza.

Pemba nisingemtuma. Nilimuuliza kuhusu kazi karibu na kiwanja cha Chake akanijibu "ni hivyo hivyo tu", na sipendi jibu hilo kwa mtu ninaemlipa, njia ya ndege ya kule ni nyengine, vilima ni vyengine, na barua lazima iwe na pembe za kule sio kunakili za Mbweni.

Bei yake: anachaji laki mbili na nusu kwa faili moja, ada za serikali mbali, na hizo unalipa mwenyewe kwa kontrol namba, hakunigusia pesa pembeni hata mara moja. Ukienda beba nakala mbili za kitambulisho cha Mzanzibari, Ijumaa usiende baada ya saa tano, na mwambie akupe nakala ya kila ukurasa kabla haujaenda kokote, anza na ule wenye saa.