Deraya za Kike katika Elden Ring: Tathmini ya Binti wa Fundi wa Masanduku

Kwa majuma sita nimekuwa nikiucheza Elden Ring, mchezo wa njozi uliotolewa na kampuni ya Kijapani ya FromSoftware mwezi Februari 2022, katika chumba kimoja cha michezo ya video hapa Kisumu kinachotoza shilingi 100 kwa saa. Kuhusu ugumu wake yamekwisha kusemwa mengi. Kilichonivuta mimi ni jinsi unavyomvika deraya, yaani mavazi ya chuma ya vita, mwanamke aendaye vitani.

Baba yangu alikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale ambayo wanafunzi wa bweni huyabeba kila shule zinapofunguliwa, nami nililelewa karibu na nyundo yake huko Kibuye. Kifuniko cha sanduku kikiachwa bapa hubonyea kwa kidole. Kikipigwa mkunjo mmoja katikati, mtoto anaweza kukikalia. Wahunzi wa Ulaya wa karne ya 15 walilijua jambo hilohilo, ndiyo maana dirii zao, yaani bamba za kifua, zilituna mbele, nyingine zikiwa na kigongo katikati ya kifua, ili ncha ya upanga au mkuki iteleze kuelekea kando badala ya kupata mahali pa kukwama. Michezo mingi huligeuza jambo hili inapomfikia mwanamke. Katika Skyrim ya 2011, kwa mfano, baadhi ya deraya za kike zimefinyangwa vikombe viwili vya matiti, na bonde lililo kati yavyo hulipokea pigo na kulielekeza moja kwa moja kwenye mfupa wa kifua. Baba angemrudishia fundi huyo bati lake.

Elden Ring haufanyi hivyo. Mchezaji huchagua umbo A au B, yaani la kiume au la kike, na baada ya hapo karibu kila deraya humkaa mwanamke kama inavyomkaa mwanamume: tumbo na mapaja yamefunikwa, na mara nyingi chapeo huficha uso hata usimtambue aliyemo. Nilipomvika mhusika wangu deraya ya Bull-Goat, iliyotuna kama pipa, nilicheka peke yangu, kwa kuwa hatimaye nilimwona mwanamke wa mchezo wa video aliyejiandaa kupigwa. Uzito nao una gharama yake: mzigo ukizidi asilimia 70 ya uwezo wa mhusika, yeye hubiringika kukwepa pigo kwa kishindo kama gunia la mahindi. Hapo mchezo umetia chumvi, maana deraya kamili ya vita ilikuwa na kilo 15 hadi 25 zilizogawanywa mwili mzima, na aliyeizoea aliweza kukimbia na kupanda farasi. Lakini chumvi hiyo wametiliwa wote, wake kwa waume.

Sisemi kwamba uhalisia hauna nafasi ya madoido. Warumi walivaa dirii zilizochongwa misuli, chuchu na kitovu, na deraya ya Henry VIII wa Uingereza ya mwaka 1540 ina kifuko cha chuma sehemu za siri ambacho hakuna vita vilivyokihitaji kwa ukubwa ule. Kwa hiyo simlaumu Malenia, shujaa wa kike wa Elden Ring mwenye mkono wa bandia, kwa chapeo yake yenye mabawa iliyomfunika macho. Fundi angesema mabawa hayo yatanasa upanga na kumpinda shingo, naye angesema kweli. Hata hivyo yanafanya kazi ya kofia ya manyoya ya mbuni ya wazee wa Kijaluo, ambayo haizuii pigo lakini humtambulisha avaaye kutoka mbali.

Kasoro zipo. Vitambaa vya joho hupenya katikati ya bamba la paja kana kwamba chuma ni moshi, jambo linaloudhi katika kazi iliyochongwa kwa uangalifu namna hii, na maelezo ya deraya, ambamo sehemu kubwa ya hadithi imefichwa, hayapo kwa Kiswahili. Maandishi yake pia ni madogo mno kwa televisheni ya mbali.

Pedi za kuchezea za chumba kile ni shauri jingine. Katika saa ya mwisho niliyoilipia, kitufe cha kubiringika kiligoma kabisa, nikasimama mbele ya adui kama mlingoti, na Bull-Goat ikastahimili mapigo matatu kabla ya kuniangusha.