Hamira ya papo hapo: nyota tano kwa mkate, sifuri kwa chapati

Nazungumzia hamira kavu ya chembe ndogo sana, ile unayoimwaga moja kwa moja kwenye unga mkavu bila kuiloweka. Kwa mkate wa kuumuka sitaki nyingine. Hamira kavu ya chembe kubwa inabidi iamshwe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, kama nyuzi 38 hadi 43 hivi, na usipokuwa na kipimajoto unabaki kubahatisha kwa kidole. Hii ya papo hapo inasamehe. Ila nayo ni kiumbe hai: maji yakikaribia nyuzi 60 imekufa, na donge halitapanda hata ulisubiri mpaka kesho.

Pakiti yangu inasema gramu 7 kwa unga gramu 500. Natumia karibu nusu yake, naliacha donge liumuke taratibu. Hamira inapokula sukari iliyomo kwenye unga hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo gluteni (utando wa protini za unga unaonyumbulika) huishika na donge likapanda. Lakini wakati huohuo inajenga harufu na ladha, na hizo hazikubali kuharakishwa. Mkate ulioumuka kwa pupa unapendeza kwa macho tu.

Lalamiko langu ni moja. Pakiti haielezi uihifadhi vipi ukishaifungua, na hewa na unyevu ndivyo vinavyoiua. Mimi naitia kwenye chupa yenye kifuniko kinachokaza, kisha kwenye friji. Ikikaa sana, kabla ya kuoka naijaribu kidogo kwa maji ya uvuguvugu na sukari. Isipotoa povu ndani ya dakika kumi, naitupa.

Sasa chapati. Wengi wanatia hamira, au bekingi pauda, wakitafuta ulaini. Naomba msifanye hivyo. Bekingi pauda ina kazi yake, keki na vitu visivyo na muda wa kusubiri (Alfred Bird aliibuni Uingereza mwaka 1843 kwa ajili ya mkewe, ambaye hamira ilimdhuru). Chapati isiyotiwa chachu inafutuka kwa mvuke peke yake. Maji yaliyomo kwenye donge yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara elfu moja, na kama umesukuma kwa unene ulio sawa, bila tundu, na chuma kimepata moto wa kutosha, mvuke huo unatenganisha tabaka la juu na la chini. Ukitia hamira unapata mkate mwembamba: unaweza kuwa mtamu, lakini ule utafunaji wa chapati umeondoka.

Ulaini unaoutafuta uko kwenye maji na muda. Kanda kwa maji ya moto, maana wanga ukipata joto hunywa maji mengi zaidi na kuyashikilia. Funika donge lipumzike nusu saa ili gluteni ilegee. Bila hivyo kila ukisukuma linajirudi. Zikiiva, zipange moja juu ya nyingine ndani ya kitambaa, mvuke usitoroke.

Kwa hiyo hamira hii inunue kama unaoka mikate mara kwa mara. Kama ni mara chache, chukua vipakiti vidogo vya matumizi ya mara moja, hata kama kwa uzito vinatoka ghali zaidi.